Tuzo Bila Hoja: Uhakiki wa Tuzo za Muziki Tanzania tangu Mwaka 1999

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Tuzo za Muziki Tanzania, ambazo zilianza mwaka 1999, zikasimama baada ya mwaka 2015, kisha zikafufuliwa kwa hafla ya Aprili 2022. Hoja kuu ni kwamba tuzo hizi hutoa hukumu pasipo kueleza sababu zake, na kwa hiyo haziachi uhakiki wowote unaoweza kusomwa, kufundishwa au kupingwa. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha usiku wa ushindi wa 20 Percent mwaka 2011 na ule wa Diamond Platnumz mwaka 2014, kwa kuuchambua wimbo “Muziki Gani”, na kwa kuyachunguza majina ya vipengele vya tuzo. Makala yanaonyesha pia kwamba Baraza la Sanaa la Taifa hueleza sababu linapofungia wimbo, ilhali wimbo unapotuzwa sababu hazitolewi. Inapendekezwa kwamba kila tuzo iambatane na maelezo mafupi ya jopo, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa mahali ambapo umma unaweza kuyafikia.

1. Utangulizi

Kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja na nusu, Tuzo za Muziki Tanzania zilikuwa tukio kubwa kuliko yote katika kalenda ya muziki nchini humo. Wananchi walizifahamu zaidi kwa jina la Tuzo za Kili, kwa sababu mdhamini wake mkuu kwa miaka mingi alikuwa Kampuni ya Bia Tanzania kupitia bia yake ya Kilimanjaro. Usimamizi wa kiserikali ulikuwa mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Baada ya hafla ya mwaka 2015 tuzo hizo zilisimama, na hazikurudi hadi tarehe 2 Aprili 2022, zilipofanyika Dar es Salaam katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere. Safari hii BASATA na wizara yenye dhamana ya utamaduni ndio waliokuwa mbele.

Mijadala kuhusu tuzo hizi imezoea kuzunguka swali moja: nani alistahili na nani alionewa. Swali hilo lina haki yake, lakini haliwezi kujibiwa kwa kumbukumbu zilizopo. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini wimbo fulani ulishinda hukuta jina la wimbo, jina la msanii, jina la kipengele na mwaka. Hoja za jopo, vigezo vilivyopewa uzito, na yale ambayo wimbo ulioshinda uliyafanya kwa ubora kuliko nyimbo nyingine nne au tano zilizoshindana nao, hayapo katika orodha hiyo. Makala haya hayakusudii kuwapokonya washindi ushindi wao. Yanakusudia kuonyesha hasara inayopatikana taifa linapotoa hukumu ya kisanaa kila mwaka pasipo kuandika hoja ya hukumu hiyo, na kupendekeza namna ya kuiziba hasara hiyo.

2. Tuzo na kutunza

Neno tuzo linatokana na kitenzi kutuza, ambacho kimaana kinakaribiana sana na kutunza. Katika taarabu, kutunza ni kitendo anachokifahamu kila mhudhuriaji. Mtu huinuka kitini, huelekea jukwaani akicheza kwa madaha, na humpa mwimbaji fedha mbele ya kadamnasi. Kelly Askew, katika kitabu chake Performing the Nation (2002), amekichunguza kitendo hiki kwa kina, hasa kutokana na utafiti wake wa Tanga. Anaonyesha kwamba kutunza ni zaidi ya kumshukuru mwimbaji. Anayetunza huchagua mshororo wa kuinukia, huchagua njia ya kupita, na huchagua nani amwone akitoa. Waliohudhuria huelewa kwamba maneno yaliyoimbwa wakati huo yamemgusa mtoaji au yanamlenga mtu aliyemo ukumbini.

Kutunza kwa namna hiyo ni uhakiki unaotendwa kwa mwili. Kuna mhakiki anayejulikana, kuna sehemu mahususi ya matini anayoielekezea, na kuna hadhira inayoweza kukubali au kupinga tafsiri yake kwa kuinuka na kutunza mshororo mwingine. Hatusemi kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki. Mwenye fedha hutunza kuliko asiye nazo, na aghalabu mtoaji huwa na ugomvi wake binafsi. Hata hivyo, hukumu na sababu yake vilifika jukwaani pamoja.

Tuzo ya kisasa imevitenganisha viwili hivyo. Bahasha hufunguliwa, jina husomwa, mshindi hupanda jukwaani, hushukuru Mungu, familia na mashabiki, kisha hushuka. Hakuna anayejua ni ubeti gani, pigo gani au wazo gani lililotuzwa. Kura za umma, zilizokuwa zikipigwa kwa simu na kwa intaneti, zilichanganywa na maoni ya watu wa fani, na mchanganyiko huo ulizidi kulificha jibu. Neno limebaki lilelile, lakini sehemu iliyolifanya liwe na maana ya kihakiki imeondoka.

3. Mwaka 2011 na mwaka 2014

Hasara hiyo inaonekana wazi tukilinganisha hafla mbili. Mwaka 2011 msanii 20 Percent aliondoka na tuzo 5, na wimbo wake “Tamaa Mbaya” ukatangazwa kuwa wimbo bora wa mwaka. Mwaka 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo 7, baadhi yake zikitokana na wimbo “Number One”, ambao nao ulitangazwa kuwa wimbo bora wa mwaka na pia ukashinda kwa video yake. Miaka 3 tu inatenganisha hafla hizi, na kila moja ilimkweza msanii mmoja juu ya wenzake wote.

Kazi hizi mbili ni za mikondo miwili. 20 Percent ni mtunzi wa kuonya na kuusia. Sauti yake ni ya mtu wa kawaida anayesimulia mkasa ili msikilizaji ajifunze, na muziki wake humwachia neno nafasi ya mbele. Anasimama katika ukoo mrefu wa tungo za Kiswahili za mawaidha, ambamo ubora hupimwa kwa uzito wa funzo na uwazi wa lugha. “Number One” ni wimbo wa kumsifu mpenzi. Matini yake ni mepesi kwa makusudi. Nguvu yake imo katika kiitikio kinachoshikika upesi, katika mdundo unaodai uchezwe, na katika video iliyotengenezwa na Ogopa wa Kenya huko Afrika Kusini. Wimbo huo ulipotolewa upya kwa kumshirikisha Davido wa Nigeria, ulimfungulia msanii huyo milango ya soko la bara zima.

Kila mmoja wa nyimbo hizi ungeweza kutetewa kwa hoja nzito. Hata hivyo, vigezo vinavyoutetea wa kwanza vinakaribia kuwa kinyume cha vigezo vinavyoutetea wa pili. Ikiwa wimbo bora ni ule unaobeba funzo kwa lugha iliyokomaa, “Number One” haukustahili kuwa juu. Ikiwa wimbo bora ni ule unaopanua mipaka ya soko kwa ubora wa uzalishaji, “Tamaa Mbaya” haukuwa na nafasi. Je, kati ya 2011 na 2014 jopo lilibadilisha mtazamo wake kuhusu ubora? Je, ni hadhira iliyobadilika? Au vigezo vilibaki vilevile, na muziki ndio uliohama? Haya ni maswali muhimu kuliko yote katika historia ya bongo fleva ya muongo huo, kwa kuwa ni katika miaka hiyo ndipo muziki huo ulipotoka katika kuisemesha jamii yake na kuanza kuusemesha ulimwengu. Tuzo za taifa zilikuwapo, zikashuhudia, zikapiga muhuri mara mbili, na hazikuacha sentensi moja ya kumsaidia mwanahistoria wa fasihi na muziki.

Athari yake kwa wasanii ni ya moja kwa moja. Msanii chipukizi aliyetazama hafla ya 2011 angeweza kudhani kwamba taifa linatuza funzo. Aliyetazama hafla ya 2014 angeweza kudhani kwamba linatuza video ya gharama kubwa. Wote wawili wangekuwa wanakisia. Tuzo inayotaka kuinua ubora lakini haisemi ubora ni nini, hufundisha jambo moja tu, yaani kushinda.

4. “Muziki Gani” katika kipengele cha kushirikiana

Mojawapo ya tuzo 7 za Diamond mwaka 2014 ilitokana na wimbo wa Nay wa Mitego alioshirikishwa, uitwao “Muziki Gani”, ulioshinda katika kipengele cha wimbo bora wa kushirikiana. Wimbo huu unastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kwa sababu wenyewe ni kazi ya uhakiki. Wasanii wawili wanajibizana. Mmoja anasimama upande wa hip hop, mwingine upande wa bongo fleva ya kuimba, na kila mmoja anautetea muziki wake na kuubeza wa mwenzake. Swali lililo katika jina la wimbo ndilo swali ambalo majaji wa tuzo walipaswa kulijibu usiku ule: ni muziki gani ulio bora, na kwa nini?

Fani ya wimbo huu ni ya kale kuliko hip hop na bongo fleva. Kulumbana kwa tungo ni desturi ya washairi wa Kiswahili tangu zamani, na Mathias Mnyampala aliiendeleza alipoipa ngonjera umbo lake la kisasa, ambamo wahusika wawili hupingana hadi mmoja akubali hoja ya mwenzake. “Muziki Gani” unaifuata desturi hiyo na kuipinda mahali pamoja. Hapana anayekiri kushindwa. Mwafaka unapatikana katika umbo la wimbo wenyewe: mchanaji na mwimbaji wanapanda mdundo mmoja, na kila ubishi unapozidi kunoga, ndivyo inavyozidi kudhihirika kwamba aina hizi mbili za muziki zinaweza kukaa nyumba moja. Hoja inayosemwa kwa maneno ni ya utengano, na hoja inayosemwa kwa muziki ni ya umoja. Ngonjera za Mnyampala huufikia mwafaka kwa kauli ya mhusika. Wimbo huu unaufikia kinyume cha kauli za wahusika wake, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Aya hiyo moja ya uhakiki ndiyo aina ya maelezo ambayo jopo lingeweza kuyatoa. Badala yake, wimbo uliwekwa chini ya anwani ya kushirikiana, anwani inayoeleza tu kwamba wasanii walikuwa zaidi ya mmoja. Kwamba walishirikiana kwa kupingana, na kwamba upinzani huo ndio sanaa yenyewe, hakukuwa na mahali pa kuandikwa.

Tulinganishe na mgogoro mwingine wa kisanaa uliotokea Tanzania. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walijikuta katika kambi mbili za ubishi kuhusu vina na mizani. Ubishi huo ulikuwa mkali, na pengine ulikuwa na kejeli zisizo za lazima. Lakini uliandikwa. Saadan Kandoro na Jumanne Mayoka kwa upande mmoja, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi kwa upande mwingine, waliweka hoja zao mezani, na hadi leo wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vikuu wa nchi zetu wanausoma mgogoro huo na kuchagua upande wakiwa na sababu. Mgogoro kati ya kuchana na kuimba uliwagusa vijana wengi kuliko ule wa vina na mizani. Usiku ambao taifa lilikuwa na nafasi ya kuusemea, lilikabidhi tuzo na kuendelea na ratiba.

5. Vipengele kama uhakiki usiotamkwa

Mtu anaweza kujibu kwamba tuzo huonyesha vigezo vyake kupitia vipengele. Ni kweli kwamba vipengele ni uhakiki wa aina fulani, na kwa upande wa lugha vimefanya kazi ya kusifika. Maneno kama mtumbuizaji bora, mtayarishaji bora, msanii bora chipukizi na mtunzi bora yalienezwa kwa sehemu kubwa na matangazo ya tuzo hizi, hata yakawa ya kawaida redioni na magazetini. Lakini tukivitazama vipengele hivyo kwa pamoja, tunaona mgawanyo usiolingana.

Katika miaka ya mwisho ya Tuzo za Kili, reggae ilikuwa na kipengele chake, ragga na dancehall kipengele chao, zouk na rhumba chao, R&B chake, hip hop chake, na afro pop chake. Taarabu ilipewa nafasi yake, na bendi za dansi nafasi yao. Muziki uliobaki, yaani ngoma na tungo za jamii zaidi ya 120 za Tanzania, uliwekwa katika kipengele kimoja cha wimbo wenye vionjo vya asili ya Kitanzania. Neno vionjo lenyewe linasema mengi. Muziki wa nje hutambuliwa kama chakula kamili chenye jina lake, na muziki wa nyumbani hutambuliwa kama kiungo kinachonyunyizwa juu ya chakula kingine.

Matokeo yake ni kwamba kazi zisizofanana zilishindanishwa. Kazi za Mrisho Mpoto zimewahi kushinda katika kipengele hicho. Mpoto ni mghani na msimulizi. Msingi wa sanaa yake ni neno linalosemwa kwa mkazo, mafumbo, na istiara ya kumsemesha mkubwa kama mjomba. Kazi yake ingestahili kupimwa kwa vigezo vya ushairi simulizi. Kuishindanisha na wimbo uliojengwa juu ya mdundo wa ngoma ya kabila fulani ni sawa na kushindanisha hotuba na mchezo wa bao. Mpoto alistahili kutuzwa, lakini jina la tuzo aliyopewa halikuweza kusema ni kwa ajili ya nini.

Vipengele si amri ya mbinguni. Tuzo zilizofufuliwa zilitenga nafasi kwa singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam na ambao kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa kelele za vigodoro. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, inahitaji maelezo. Singeli hupimwa kwa nini? Kwa kasi yake, kwa ustadi wa mchanaji wa kupanga maneno katika kasi hiyo, au kwa ubunifu wa anayepanga vipande vya sauti? Muziki mpya unapoingia katika orodha ya taifa bila vigezo vilivyoandikwa, utapimwa kwa vigezo vya muziki uliotangulia, na utaonekana una upungufu.

6. Mkono unaotuza na mkono unaofungia

BASATA lina majukumu mawili ambayo ni vigumu kukaa pamoja. Linasimamia tuzo, na linasimamia maadili ya kazi za sanaa kwa mamlaka ya kuzifungia. Machi 2017 Baraza liliufungia wimbo “Wapo” wa Nay wa Mitego, na uamuzi huo ukabadilika muda mfupi baadaye, Rais John Magufuli alipotaka wimbo huo uendelee kupigwa. Novemba 2018 Baraza liliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Hivyo sauti mbili zilizojibizana katika “Muziki Gani” na kutuzwa mwaka 2014, ndani ya miaka 4 zote zilikuwa zimefungiwa wimbo na chombo kilekile kilichosimamia tuzo yao.

Hapa kuna jambo ambalo wahakiki hawajalitilia maanani ya kutosha. Wimbo unapofungiwa, sababu hutolewa. Taarifa hutangazwa kwa umma, maadili hutajwa, lugha ya wimbo hushutumiwa, na hata maneno mahususi huweza kunyooshewa kidole. Sababu hizo zinaweza kuwa dhaifu, lakini zipo, na kwa kuwa zipo zinaweza kupingwa. Kisa cha “Wapo” kinathibitisha hilo, kwani uamuzi uliotolewa hadharani ulibatilika hadharani. Wimbo unapotuzwa, hakuna taarifa ya aina hiyo.

Maana yake ni nzito kwa wanaoshauri kuhusu sera. Usomaji wa karibu wa matini ya nyimbo unaofanywa na dola kwa Kiswahili, na kuingia katika kumbukumbu za umma, umekuwa usomaji wa kushutumu. Dola imejifunza kusema kwa urefu kwa nini wimbo ni mbaya, na haijajifunza kusema kwa nini wimbo ni mzuri. Msanii anayetaka kujua serikali inamtarajia nini atalipata jibu katika barua za onyo, na hatalipata katika hotuba za tuzo. Haishangazi, basi, kwamba uhusiano kati ya wasanii na Baraza umetawaliwa na tahadhari.

7. Funzo kwa nchi jirani

Suala hili si la Tanzania peke yake. Rwanda ilikuwa na shindano la Primus Guma Guma Super Star kuanzia 2011 hadi 2018, lililodhaminiwa na kampuni ya bia ya Bralirwa. Lilimtangaza Tom Close kuwa mshindi wa kwanza na Bruce Melodie kuwa wa mwisho, kisha likasimama. Shindano hilo halikuwa tuzo kwa maana kamili, lakini linafanana na Tuzo za Kili katika jambo moja: mdhamini wa kibiashara alikuwa nguzo kubwa ya jengo. Mdhamini wa bia hana kosa kutaka jina lake lionekane. Kosa ni la wenye dhamana ya utamaduni, wanaposahau kwamba mdhamini hununua usiku wa sherehe na hana sababu ya kugharimia kumbukumbu. Sherehe inapokoma, hubaki picha na orodha ya majina.

Tuzo za Kili zilikuwa pia na kipengele cha wimbo bora wa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 kilimwendea Jaguar wa Kenya kwa wimbo “Kigeugeu”, na mwaka 2015 kundi la Sauti Sol, la Kenya pia, kwa wimbo “Sura Yako”. Kipengele hiki kilikuwa cha ukarimu, kwani kilimkaribisha jirani mezani. Lakini kilimweka jirani katika chumba chake, mbali na ushindani wa wenyeji, na hakikueleza kama wimbo wa jirani ulipendwa kwa Kiswahili chake, kwa mdundo wake, au kwa umaarufu wake katika redio za Dar es Salaam. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipokubaliwa kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali hilo limekuwa la kisera. Nyimbo ndizo zilizokivusha Kiswahili mipaka kabla ya mikataba. Iwapo hatuna maelezo ya jinsi Kiswahili cha msanii wa Nairobi, Kampala, Bujumbura au Kigali kinavyopokelewa na sikio la Mtanzania, tunapanga sera ya lugha tukiwa tumefumba jicho moja.

8. Pingamizi na mapendekezo

Yako mapingamizi matatu yanayopaswa kujibiwa. La kwanza ni kwamba kura za umma haziwezi kueleza sababu. Ni kweli, na kwa hiyo matokeo ya kura za umma na uamuzi wa jopo yatangazwe kwa kutenganishwa. Umma una haki ya kupenda bila kujieleza. Jopo halina haki hiyo. La pili ni kwamba sababu zikitolewa zitazua ugomvi. Ugomvi upo tayari, na kwa sababu hauna hoja ya kushika, unawashika watu: nani ni rafiki wa nani, na nani alimhonga nani. Maelezo yaliyoandikwa yatauhamisha ubishi kutoka kwa watu kwenda kwa kazi zao.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Ikiwa chombo kinachofungia nyimbo ndicho kitakachoandika sifa za nyimbo zilizoshinda, je, sifa hizo hazitageuka kuwa mahubiri ya maadili? Hatari hiyo ni ya kweli. Dawa yake si kunyamaza, bali kuutenga mkono unaotuza na ule unaofungia. Baraza liendelee kuwa mlezi na mratibu wa hafla, na jopo liundwe na watu wanaotoka katika idara za sanaa na Kiswahili za vyuo vikuu, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, watayarishaji, watangazaji na wasanii wenyewe. Maelezo ya jopo yachapishwe kwa jina la jopo, na majina ya wanajopo yatajwe baada ya hafla.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila tuzo iambatane na maelezo ya Kiswahili yasiyopungua maneno 150, yakitaja sifa mahususi za kazi iliyoshinda katika lugha, muziki na utendaji. Mfano upo karibu: Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, huwapa majaji wake nafasi ya kusema hadharani walichokiona katika miswada iliyoshinda. Pili, kila kipengele kiwe na fasili iliyochapishwa kabla ya kazi kupokelewa, na kipengele cha muziki wa asili kigawanywe ili tungo za kughani, nyimbo za ngoma na ubunifu mpya wenye misingi ya asili visipimwe kwa kipimo kimoja. Tatu, rekodi na matini ya kazi zote zilizoteuliwa vihifadhiwe pamoja na maelezo hayo katika taasisi ya umma inayofikiwa na watafiti. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iandae mwongozo wa pamoja wa istilahi za uhakiki wa muziki, ili maelezo ya jopo la Dar es Salaam yasomeke Kigali na ya Nairobi yasomeke Bujumbura.

9. Hitimisho

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya jukwaa, taa na zulia jekundu. Kinachohitajika ni watu wachache wanaosikiliza kwa makini na wanaokubali kuandika walichokisikia. Wimbo “Tamaa Mbaya”, wimbo “Number One” na wimbo “Muziki Gani” vilipita mbele ya taifa, na taifa likavitambua. Kizazi kijacho kitajua kwamba tulivitambua, na kitatuuliza tuliona nini ndani yake. Katika taarabu, mwanamke aliyeinuka kitini na noti mkononi alijua ni mshororo gani uliomwinua, na ukumbi mzima ulijua pamoja naye. Tuzo ya taifa haistahili kujua pungufu ya hapo.